Kenge Hakukuahidi Kitu

Vijana wangu wa Rumonge, na ninyi wa Magara, Minago na Nyanza-Lac, mwenye haraka nampa neno langu hapa hapa aende zake: kenge uliyemwokota mdogo, ukamlisha ndagala mpaka akajaa pipa, siku atakapokung'ata hatakuwa amekuasi. Atakuwa analinda mahali. Mahali penyewe ulimpa wewe, kisha ukapaingia bila hodi. Mwenye nafasi na akae, maana nina mengi.

Nawaona. Mvua zinaporudi na kulainisha vichuguu, vitoto vya kenge hutoka, vyeusi vyenye mistari na madoa ya njano, urefu wake kama rula ya shule. Mtoto anakikuta kimejibanza chini ya mchikichi, anakitupia gunia. Kwanza ni mchezo. Halafu simu inatoka mfukoni, picha zinakwenda Bujumbura na Kigoma, na kabla mwezi haujaandama kuna mtu anauliza bei. Anayebaki naye humjengea kibanda cha mabati nyuma ya jiko, humpa jina, na wageni wakija huwaambia: huyu amenizoea, hata simfungi.

Hapo penye "amenizoea" ndipo ninapotaka tukae.

Mbwa ni mnyama wa kundi. Hukutazama usoni ajue leo umeamkaje. Kenge huishi peke yake tangu siku ya kwanza. Mama yake hutoboa kichuguu, hutaga humo mayai makumi kadhaa, hushika njia. Mchwa wenyewe huliziba tundu, na joto la nyumba yao hulea mayai kwa miezi mingi. Kitoto kinapotoka hakina mama wala kaka wa kukifunza adabu. Kinachohitaji kujua ni mambo manne tu: wapi pana jua, wapi pana shimo, wapi pana chakula, na njia ipi inafika majini kabla tai hajashuka. Ukimlisha kila siku, anajifunza kwamba wewe ukitokea na samaki hutokea. Basi. Simdharau mnyama huyu, ana akili nyingi, na wanaofuga mijusi wakubwa wanasema wengine hutulia kwa mlezi wao na kumtambua mgeni. Naamini. Lakini mlezi anayechukulia utulivu ule kuwa mapenzi anajiandikia mkataba ambao mwenzake hajautia sahihi.

Amerika ya Kati na Kusini kuna mjusi mkubwa wa kijani aitwaye iguana, mla majani, ambaye watu wa Marekani na Ulaya wamemfuga majumbani miaka mingi. Ukisikiliza malalamiko yao, kisa ni kile kile. Alinunuliwa akiwa mdogo, anakaa begani, anakula majani mkononi. Mwaka wa pili au wa tatu dume anakomaa. Msimu wa kutafuta majike ukifika, rangi ya chungwa inamtoka mwilini, kichwa kinaanza kupanda na kushuka, ngozi ya chini ya kidevu inatandazwa, na aliyekuwa akimpa chakula anajikuta amekuwa dume la pili katika eneo la mtu. Anafukuzwa sebuleni kwake mwenyewe. Wapo iguana wanaopigana na sura yao kwenye kioo cha dirisha mpaka pua zinachubuka. Msimu ukiisha anatulia, na mwenye nyumba anadhani amesamehewa. Hakuna aliyemkosea mwenzake hapo. Damu ilipanda, eneo likawa na thamani, na mtu akawa ndani ya mpaka.

Ninyi hamhitaji kwenda huko kuyaona haya. Simameni saa tatu asubuhi chini ya mwembe. Yule mjusi mwenye kichwa cha bluu, ambaye watoto humrushia mawe wakiamini ana sumu (hana), ni jamaa wa mbali wa iguana, na ishara zao ni za ukoo mmoja. Dume hushika shina lake. Hupanda mpaka pale juu panapopigwa jua mapema, hunyoosha miguu ya mbele, hukishusha kichwa na kukipandisha mara tatu nne haraka haraka, kisha hutulia na kutazama. Anatangaza kwamba pana mwenyewe. Dume mgeni akijitokeza, bluu ya kichwani hukolea, koo hushushwa, na mwili hubanwa na kugeuzwa ubavu ili aonekane mpana kuliko alivyo. Mara nyingi mgeni huridhika na jibu hilo, hushuka, huenda kutafuta mti mwingine. Akikaidi, mwenye mti humchapa kwa mkia, na mwisho kabisa ndipo wanaposhikana kwa taya. Tazameni mpangilio huo kwa makini, kwa sababu ndio msingi wa kila nitakalosema: meno huja baada ya maneno yote kwisha. Mjusi hapendi kupigana. Mapigano humtoa damu, humchosha, humwacha uchi mbele ya tai.

Sasa tumrudie kenge, ambaye hatikisi kichwa kama wale, ana lugha yake.

Ukimkaribia naye hataki, kwanza huacha kutoa ulimi. Hilo wengi hawalioni. Kenge mtulivu hutembeza ulimi wake wenye ncha mbili muda wote, anaonja hewa, anasoma habari za mahali. Akikutilia shaka huganda. Kisha koo hujaa pumzi likavimba kama mfuko, mwili hujitandaza, na pumzi ile hutolewa kwa nguvu, shhhh moja ndefu inayosikika mpaka barazani. Wakati huo huo mkia unajikunja upande mmoja kama upinde. Ukiona mkia umekunjwa na jicho limekugeukia kwa upande, muda wako umekwisha. Pigo lile hupita kasi kuliko mkono wako, na mkia wa kenge mzima, ambaye anaweza kufika mita 2 na kupita kidogo, unaweza kukuachia alama kwenye shavu na kukudhuru jicho. Mwenye kumshika kwa nguvu hukwaruzwa kwa kucha, hunyewa kinyesi kinachonuka siku mbili, na ndipo hung'atwa. Naye aking'ata haachi upesi. Taya lile limeumbwa kupasua kaa na konokono. Kadiri anavyozeeka meno ya nyuma huwa butu na mapana kwa kazi hiyo hiyo. Kidole cha mtu si kigumu kuliko gamba la konokono.

Watu wetu husema fulani ana masikio ya kenge, hasikii mpaka atoke damu. Wazee waliosema hivyo nawaheshimu, ila kenge wamemwonea. Masikio anayo, matundu mawili nyuma ya macho, na anasikia. Karibu katika kila kisa cha kung'atwa nilichokichunguza hapa mtaani, kenge alikuwa amesema mara tatu au nne, kwa ulimi, kwa koo, kwa pumzi, kwa mkia. Mwenye masikio ya methali alikuwa ameshika simu.

Niwape jambo moja ambalo hata wavuvi wazima hulikosea. Mnaamini kenge wa alfajiri ni salama kwa kuwa amepooza kwa baridi. Ni kinyume. Joto la mwili wake ni la kuazima kutoka juani. Akiwa amepata joto ana miguu, na mwenye miguu hukimbia; utaona tu maji yakiruka. Akiwa wa baridi hawezi kukimbia, na anajua hawezi, hivyo hubaki alipo na kupigana. Mwaka 1982 watafiti watatu, Hertz, Huey na Nevo, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mijusi wa jamii ya yule wetu wa mwembeni, huko Israeli, wakaonyesha hivyo hivyo: wenye joto walikimbia, wenye baridi waligeuka na kushambulia. Basi yule anayefungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi amtoe kenge wake "akiwa bado mpole" amechagua saa mbaya kuliko zote. Kibanda cha mabati kilichojengwa kivulini nyuma ya jiko hakipati jua mpaka mchana. Mnyama humo anaishi nusu ya siku zake akiwa hana njia ila vita. Halafu mnasema ana roho mbaya.

Na mahali ni nini kwake? Kwetu sisi mahali ni kiwanja chenye karatasi. Kwa kenge mahali ni jiwe analootea jua, tundu analoingia akitishwa, kona anayolia chakula, na njia kati ya hivyo vitatu. Ukisimama kati yake na tundu lake, umemzingira, hata kama ulikuwa unaokota kikombe. Ukiinua mkono juu ya kichwa chake, umekuwa tai. Ukiondoa jiwe lake kufagia, umevunja nyumba. Madume wawili ukiwaweka kibanda kimoja, watasimama kwa miguu ya nyuma wakumbatiane kama wacheza mieleka mpaka mmoja aangushwe, na huko ziwani aliyeangushwa huondoka. Kibandani hana pa kuondokea, kwa hiyo hupigwa kila siku mpaka anaacha kula. Ukimzoesha kula mkononi, umeufanya mkono wako kuwa kona ya chakula. Kijana mmoja wa hapa alikuwa anamlisha kenge wake vichwa vya samaki wa mukeke kwa vidole, watu wakishangilia. Siku aliyorudi kutoka kupanga samaki mwaloni akamshika tu kumsalimu, mkono ukinuka samaki, nyama ya kidole gumba ilibaki kwa mnyama. Akalia kwamba amesalitiwa. Mimi nilikuwepo wakati muuguzi anasafisha, na sikumcheka, ila usaliti sikuuona.

Kwa wale ambao tayari mnao na hamjapata pa kuwapeleka, shikeni haya. Jua lifike kibandani tangu asubuhi, na kivuli kiwepo upande wa pili ili achague mwenyewe. Awe na tundu la kujificha, na akiwa tunduni asiguswe na mtu, hata mtoto mpendwa. Chakula kiwekwe kwa koleo au kijiti kirefu, mahali pale pale, na mkono uoshwe kabla na baada. Mijusi hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, na mtoto mdogo au mama mjamzito anaweza kuugua vibaya. Kinga isiwe glavu za kitambaa, tafuteni zile nene za ngozi za mafundi wa kuchomelea. Njooni kwa ubavu na kwa chini, msije kutoka juu. Koo likivimba, rudini nyuma hatua mbili, msigeuze mgongo, mwachieni njia ya kwenda shimoni. Hutakuwa umeshindwa; utakuwa umejibu. Aking'ata msivute, maana meno yale yamepinda kwa nyuma na kuvuta ndiko kunakochana. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa robo saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo, mwulizeni muuguzi kuhusu chanjo ya pepopunda. Msipake mawese. Nayapenda mawese ya Rumonge kuliko mtu yeyote, ila kazi yake ni chunguni.

Najua baadhi yenu mmeanza kusinzia, mkisema mzee anazungumzia kenge na sisi tunaishi na mamba. Haya, kwenye msafara wa mamba kenge hakosekani, tuwazungumzie wote.

Ninyi mlizaliwa mkikuta jina la Gustave. Mfaransa mmoja aliyeishi hapa Burundi miaka mingi, Patrice Faye, ndiye aliyempa jina hilo yule mamba mkubwa wa mto Rusizi aliyekuwa akitembea mwambao huu mpaka pande zetu, na ndiye aliyemkadiria kuwa na zaidi ya mita 6. Yeye na wenzake walijaribu kumnasa kwa tundu la chuma la karibu mita 9 lenye chambo ndani, filamu ikaonyeshwa mwaka 2004, na mamba hakuingia. Mengine mnayasikia: watu 300, risasi zinazodunda, mamba anayeua kwa starehe. Hesabu ile ya 300 sijaona daftari lake. Ninachokilaumu ni kazi ambayo jina lile limefanya vichwani mwenu. Mamba akishapewa jina la mtu, mnaanza kumtafutia kinyongo cha mtu. Mnauliza ni Gustave au si Gustave, badala ya kuuliza: ni wapi, ni saa ngapi, na mara ya ngapi mtu anaoga pale pale?

Maana mamba naye ni mnyama wa mahali. Dume mkubwa hushika kipande chake cha ufuko na kuwafukuza madume wengine. Jike hutaga mchangani wakati wa kiangazi na kukaa karibu na kiota kwa miezi mitatu hivi, akila kidogo sana au asile kabisa, mpaka vitoto vilie. Hugh Cott, Mwingereza aliyewachunguza mamba wa Uganda na kuchapisha kazi yake mwaka 1961, alimtaja kenge kuwa mwizi mkubwa wa mayai hayo. Kwa hiyo mama mamba anayekurukia kwenye matete mwezi wa Septemba hana haja na nyama yako; kwake wewe ni kenge mwenye miguu mirefu. Na yule anayewinda hasa, anayekaa chini ya maji macho tu yakitokeza, amejifunza saa yako. Msichana anayechota maji kila siku kwenye jiwe lile lile, jua likiwa kwenye mstari wa milima ya Kongo, anampangia miadi. Badilisheni mahali. Badilisheni saa. Msisafishie samaki pale mnapoogea, jambo ambalo nimelisema mpaka sauti imekauka na bado kila jioni naona magamba ya mukeke yanaelea kati ya watoto.

Kiboko sitamzungumzia sana, mnamjua. Usiku yuko nchi kavu anakula majani, na hatari yake kubwa huko ni kusimama kati yake na maji. Anayerudi kutoka uvuvi wa taa alfajiri na apige kelele kabla ya kushuka kwenye mtumbwi.

Lakini kuna jambo limebadilika, na hili ndilo linalonifanya niandike badala ya kunyamaza. Ziwa Tanganyika limepanda. Wazee wenzangu wanakumbuka mvua za miaka ya uhuru, 1961 na kuendelea, na maji yaliyojaa mpaka 1964, mashamba ya ufukweni yakazama. Kisha maji yakarudi, na tukasahau. Watu wakajenga kwenye mchanga uliokuwa ziwa. Mwaka 2012 sheria ya maji ikasema kusijengwe ndani ya mita 150 kutoka Tanganyika. Tukaicheka, tukasema watu wa ofisini hawajui thamani ya kiwanja cha ufukweni. Mwaka 2020 mto Rusizi ukavunja kingo, mji wa Gatumba ukaoga, maelfu wakahama. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, na hapa Rumonge kuna nyumba ambazo milango yake ya mbele sasa inafunguliwa na samaki.

Mlidhani waliohama ni watu tu? Jiwe la kenge la kuotea jua limezama. Matete ya mamba yamezama. Ufuko wa kutagia umezama. Wenye mahali wametafuta mahali pengine, na palipo pakavu ni uani kwetu. Kenge mnayemkuta chini ya choo, au amejikunja kwenye rundo la nyavu kuukuu, hakuja kuwashambulia. Mpaka umesogea, na hakuna aliyempelekea barua. Msimpige jiwe pembeni akiwa hana pa kutokea. Fungueni njia upande wa maji, ondoeni mbwa na watoto, mkae mbali, mumpe saa moja ya jua. Ataondoka akipata joto.

Kwa anayedhani biashara ya kuuza vitoto hivi nje ni njia ya mkato, namwambia kilichotokea Florida, jimbo la kusini la Marekani. Watu huko walinunua vitoto vya kenge wetu wa Nile, vya njano na vyeusi, vizuri machoni. Vilipokua vikawa na maeneo yao ndani ya nyumba, vikapiga mikia, vikang'ata. Wenyewe wakachoka, wakavifungulia milango. Tangu mwaka 1990 kenge hao wanaonekana Cape Coral, mji wenye mifereji mingi ya maji, na wamezaana. Iguana nao walipitia mlango huo huo; sasa wamejaa mitini, na usiku wa baridi kali huganda wakaanguka kutoka juu, watu wakawapita barabarani wakidhani wamekufa. Mwaka 2021 jimbo lile likawaweka wote wawili, iguana wa kijani na kenge wa Nile, kwenye orodha ya wanyama wasioruhusiwa kufugwa nyumbani. Nchi tajiri, yenye madaktari wa mijusi na maduka ya taa za kuwapasha joto, imeshindwa kuwaelewesha watu wake kwamba dume la mjusi likikomaa litataka mahali. Wewe una pipa.

Nchi yetu nayo iliingia mwaka 1988 katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama pori kuvuka mipaka, na kenge yumo katika orodha yake ya pili: hauzwi nje bila kibali. Anayekupigia simu kutoka mbali akikuahidi dola kwa kila kitoto anajua hilo. Ndiyo maana anataka gunia lipite usiku kwa boti, na jina litakaloandikwa gunia likikamatwa ni lako.

Nimeulizwa na mmoja wenu, kijana mwenye adabu, mwenye kenge wa mwaka wa tatu: babu, sasa nimfanye nini, nimuue? Hapana. Nenda kwa watu wa OBPE, ofisi ya serikali inayolinda mazingira, uwaambie ukweli, alitoka wapi na umekaa naye muda gani. Usimwachie mwenyewe kwa siri karibu na mtaa. Kenge aliyezoea kuwa mtu akitokea samaki hutokea atawafuata watu, na mtu wa kwanza atakayemwona anakuja mbio hatajua kwamba anadai chakula, atachukua panga. Apelekwe mbali na mabanda ya kuku, penye matete na vichuguu.

Siku ya kumhamisha asile tangu jana yake, maana kenge aliyeshiba akitishwa hutapika. Ngojeni jua limpashe, msimshike wa baridi. Tupieni gunia zito kichwani kwanza. Giza humtuliza kuliko maneno yenu yote ya upole. Mmoja ashike nyuma ya shingo, mwingine ashike mkia karibu na kiuno na asiuache mpaka mwisho. Mkifika, mwekeni chini kichwa kikielekea majini, ondoeni gunia, rudini nyuma hatua nyingi kuliko urefu wake. Akibaki pale pale akitazama, msimsukume kwa mti. Anasoma mahali.

Na wale kuku watatu wa jirani ambao kenge huyo aliwala mwezi uliopita, mlikuwa mnasema ni kicheche. Bashingantahe, wazee wetu wa usuluhishi, wakiniita kutoa ushahidi, nitasema nilichokiona. Wekeni kando faranga za kuwalipia.